Uzio wa kuzuia mafuta majini, je unaweza kuzuia na boti?

Barua nyingi zilizoingia safari hii zimegusa jambo moja. Watu wana uzio wa kuelea wa kuzuia uchafu majini, wengine wa mafuta wengine wa tope, na sasa wanaambiwa uzio huohuo ufanye na kazi ya ulinzi. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu hizo nyingine karibu zote zinarudi palepale.

Shikamoo fundi. Mimi nasimamia gati la kushushia mafuta. Tuna uzio wa kuelea wa mita 200, ule wa turubai la PVC wenye povu ndani ya maboya na mnyororo chini. Usiku kuna boti zisizojulikana zinakatiza karibu na meli, sasa wakubwa wanataka tufunge waya wa chuma na wavu juu ya uzio huohuo ili gharama iwe ndogo. Inawezekana? Na kama haiwezekani nikawaambie nini? – Msimamizi wa gati

Marahaba ndugu yangu. Msifunge. Najua wakubwa watauliza kwa nini, na wana haki ya kuuliza, kwa hiyo ngoja nikupe sababu zenye namba ili ukiingia kikaoni usiende na maneno matupu.

Anza na uzito. Uzio wa mafuta hauzuii mafuta kwa ubavu, unayazuia kwa kucheza na wimbi. Wimbi likija boya linapanda nalo, likipita linashuka nalo, na ile sketi ya chini, yaani turubai linaloning'inia ndani ya maji, inabaki imesimama kwa sababu mnyororo unaivuta. Boya likichelewa kupanda hata kidogo mafuta yanaruka juu yake, na sketi ikilala yanapita chini. Ndo maana hizi fensi zinapimwa kwa uwiano wa nguvu ya kuelea na uzito wake wenyewe, na kwenye viwango vya ASTM, shirika la kuweka viwango vya vifaa, kima cha chini ni 3 kwa 1 kwenye maji tulivu, 4 kwa 1 kwenye maji yaliyokingwa kama ya bandarini, na 8 kwa 1 bahari ya wazi. Sasa fanya hesabu ya wenu. Chukulia kila mita moja ina uzito wa kilo 5 na nguvu ya kuelea ya kilo 20, hapo una 4 kwa 1, safi kabisa. Mkiongeza waya wa chuma, vinguzo vya kushikia wavu na wavu wenyewe, tuseme kilo 5 tu kwa mita, na kwa vitu vya chuma hizo ni chache sana, uzito unakuwa kilo 10 na uwiano umeshuka hadi 2 kwa 1. Hapo umeshatoka nje ya kiwango hata cha maji tulivu. Na ubaya wake ni kwamba siku maji yametulia uzio utaonekana unaelea vizuri tu, kila mtu ataridhika, mtakuja kugundua siku mafuta yamemwagika na upepo unavuma.

Halafu kuna urefu wa kwenda juu. Vinguzo vinapandisha uzito juu wakati uzio umetengenezwa uzito wake ukae chini, kwenye mnyororo. Upepo ukisukuma huko juu uzio unainama, sketi inanyanyuka kama pazia la dirishani, na kazi mliyoinunulia imeisha hapohapo.

Nguvu yenyewe inayovuta uzio watu wengi wanaidharau. ITOPF, lile shirikisho la wenye meli za mafuta, wana kanuni rahisi ya makadirio ambayo nawashauri mwiandike ukutani ofisini: chukua eneo la sketi kwa mita za mraba, zidisha kwa 100, kisha zidisha kwa spidi ya mkondo, halafu zidisha tena kwa spidi hiyohiyo (spidi kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa), unapata nguvu kwa kilo. Uzio wenu wa mita 200, kama sketi ni sentimita 60, una mita za mraba 120. Mkondo wa nusu noti unaupiga kwa kilo 3,000. Mkondo ukifika noti 1, kilo 12,000. Yaani spidi imezidi mara mbili tu lakini nguvu imezidi mara nne, na hizo ni tani 12 zinazoning'inia kwenye nanga na viungo vyenu siku ya bamvua. Upepo nao una kanuni hiyohiyo, tofauti ni kwamba spidi ya upepo unaigawa kwanza kwa 40. Kwa hiyo mtu akipata wazo la kufunga mabango au mabati ya mita moja kwenda juu, mita za mraba 200 nzima, upepo wa noti 20 unaongeza kilo 5,000 nyingine. Wavu wenye matundu hauchukui upepo kiasi hicho, ila ukweli unabaki kwamba nanga zenu zilipigiwa hesabu ya uzio wa mafuta peke yake.

Na hapa niseme nilichokiona kwa macho yangu. Niliwahi kuitwa kusaidia kuvuta nje uzio ambao wenyewe walikuwa wameufunga waya wa chuma kwa viungo vya chuma vilivyopitishwa kwenye matundu ya turubai. Ulikuwa umekaa majini msimu mmoja. Tulipoulaza juu ya gati nikapitisha kidole kwenye tundu la kwanza, lile duara dogo lenye pete ya chuma, pete haipo, na tundu lenyewe limevutika limekuwa refu kama tundu la kifungo cha koti, kidole kinaingia chote na nafasi inabaki. La pili hivohivo. La tatu lilikuwa limeshachanika mpaka kwenye boya, na ukibonyeza boya povu linatoa maji kama sponji. Waya haukuwa na tatizo lolote, ulikuwa unang'aa. Turubai ndo lililokufa, kwa sababu kila wimbi waya uligoma kupinda na turubai likalazimika kupinda kwa niaba yake.

Sasa tuje kwenye boti maana ndo hoja yenyewe. Chukua spidiboti ya tani 2 na watu wake, ikija kwa noti 30. Nguvu yake ya mwendo ni kama kilojuli 238. Kwa lugha ya kawaida ni sawa na kuichukua boti hiyo ukaidondosha kutoka mita 12 juu, kimo cha ghorofa ya nne hivi. Boti hiyohiyo ikija kwa noti 5 ni kama umeidondosha kutoka sentimita 34. Tofauti ni mara 36. Uzio wa turubai unaweza kumsumbua yule wa noti 5, atapunguza mwendo, pengine propela itanasa. Yule wa noti 30 atapita juu yake, na akishapita mtakuwa hamna ulinzi na hamna uzio wa mafuta, kwa mpigo mmoja.

Hili waambie wakubwa taratibu: vitu viwili mnavyovihofia vinaweza kutokea usiku mmoja. Tarehe 12 Oktoba 2000 boti ndogo iliyojaa baruti ilisogea ubavuni mwa manowari ya Marekani USS Cole ikiwa bandari ya Aden nchini Yemen inajaza mafuta, mabaharia 17 wakafa. Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Oktoba 2002, boti ndogo ikaipiga meli ya mafuta ya Kifaransa iitwayo Limburg kwenye pwani ya hukohuko Yemen, baharia mmoja akafariki na mafuta ghafi kama mapipa 90,000 yakamwagika baharini. Hiyo ya pili ndo kesi yenu hasa. Shambulio la boti liligeuka uchafuzi wa bahari ndani ya dakika chache. Kama uzio wa mafuta ndo huohuo uliopondwa na boti iliyoshambulia, mtazuia mafuta kwa kitu gani?

Kwa hiyo ushauri wangu ni mistari miwili. Wa nje ni wa ulinzi: maboya makubwa ya plastiki ngumu au ya chuma, waya mnene unaopita kote, wavu wa kudaka uliosimama juu ya maji, na nanga zake wenyewe au nguzo zilizopigwa chini. Ule ukigongwa unatakiwa uvutike, maana wavu unaovutika ndo unaokula mwendo wa boti taratibu, usiovutika unakatika. Wa ndani ni uzio wenu wa mafuta kama ulivyo, hauguswi, haushiki kamba hata moja ya ule wa nje. Katikati yake acha nafasi ya kutosha vitu vitatu kwa pamoja: uzio wa nje kuvutika ukigongwa, mistari yote miwili kuyumba maji yakijaa na yakipwa, na boti ya kazi kupita na kugeuka ikiwa inavuta mashine ya kukusanyia mafuta. Hicho cha tatu ndo kinachosahaulika, nimeona michoro mizuri sana ambayo boti ya kazi haiwezi kuingia.

Kama bajeti haifiki mwaka huu, afadhali mnunue mstari mfupi wa ulinzi unaofunika upande mmoja ambao boti inaweza kuja kwa kasi, na pande nyingine muweke maboya, taa na doria, kuliko kuutwisha uzio wa mafuta mzigo usio wake. Kiukweli sehemu nyingi za gati boti haina nafasi ya kuchukua kasi, upande mmoja ni nchi kavu, mwingine kina kifupi. Chukueni ramani ya maji mtafute mstari mrefu ulionyooka unaokuja kwenye meli, hapo ndo pa kuweka hela.

Na waambie hivi pia, uzio wowote wa ulinzi unachelewesha tu. Noti 30 ni zaidi ya mita 15 kwa sekunde, mita 300 zinaisha kwa sekunde 20. Kama mlinzi anahitaji dakika 2 kuona, kuelewa na kufika, basi uzio lazima umcheleweshe mgeni zaidi ya hizo dakika 2, la sivyo hamjanunua chochote. Kwa hiyo kamera, rada ndogo na mtu aliye macho viko kwenye hesabu hiyohiyo ya uzio. Na kama gati lenu liko chini ya kanuni za ISPS, zile za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari zilizoanza kazi tarehe 1 Julai 2004 baada ya mambo haya ya meli kushambuliwa, uzio mpya unagusa mpango wenu wa ulinzi, kwa hiyo afisa wa ulinzi wa gati aingizwe tangu siku ya mchoro, asije kuletewa karatasi ya kusaini.

Fundi habari za kazi. Sisi tuko kwenye mdomo wa mto, mkondo wetu unafika noti 2. Mwanzoni uzio wa mafuta tuliulaza mshazari, lakini watu wa ulinzi wakasema tuunyooshe ukatize mdomo moja kwa moja ili boti zisipite. Tangu tuunyooshe tunaona mafuta nyuma ya uzio wakati uzio wenyewe hauna tundu. Yanapitia wapi? – Fundi wa mtambo

Yanapita chini, na uzio wenu ni mzima. Nenda kasimame pale mkondo ukiwa umeshika kasi uangalie upande wa nyuma wa sketi, utaona vitone vinaibuka kimoja kimoja, vinapasuka juu ya maji na kutandaza rangi kama ya upinde wa mvua. Mkondo unaougonga uzio uso kwa uso ukizidi noti 0.7 hivi, kama sentimita 35 kwa sekunde, unaanza kuchuna mafuta chini ya tabaka lake na kuyapitisha chini ya sketi. Kuongeza urefu wa sketi hakusaidii, watu wengi wanadanganyika hapo, sketi ndefu inaongeza mvuto tu.

Dawa yake ni ule mshazari mliouacha. Kwa mkondo wa noti 2 uzio unatakiwa ulale kwa nyuzi kama 20 kutoka kwenye uelekeo wa mkondo, hapo spidi ya maji inayouingia uso kwa uso inashuka hadi kwenye ile noti 0.7 na mafuta yanateleza kando ya uzio mpaka ukingoni kwenye maji tulivu, ndo mnayakusanyia hapo. Jiandaeni kwa urefu maana mdomo wa mita 50 unataka uzio wa mita 146 hivi. Mkondo ukifika noti 3 ni nyuzi 13 au 14, uzio unakuwa mrefu zaidi ya hapo, na wengine wanaona bora wapange vipande kadhaa vinavyopokezana.

Na hapa ndo unaona kwa nini nasema mistari miwili. Mlinzi anataka mstari ulionyooka na mfupi, mafuta yanataka mstari wa mshazari na mrefu. Wote wako sahihi! Mpe mlinzi wake na mafuta yapewe wake. Rudisheni mshazari leo, hata kabla hela ya uzio wa ulinzi haijapatikana.

Mimi ni dada ninayesimamia mazingira kwenye mradi wa kuchimba tope baharini. Tuna pazia la tope la kuelea, na mkandarasi anataka kufunga waya wa wembe juu ya maboya yake kwa sababu boti ndogo zinalivuka na kulichana. Naona si sawa ila sina hoja ya kitaalamu. – Msimamizi wa mazingira

Dada yangu, hisia yako iko sawa na hoja unazo. Waya wa wembe ukikaa juu ya kitu kinachochezacheza usiku kucha unakata kitu cha kwanza kilicho karibu, na hicho ni pazia lenyewe. Pili, pazia la tope linavutwa ndani na kusogezwa kila mara kazi inapohama, kwa mikono, na watu walio kwenye boti inayoyumba. Mikono hiyo ni ya wafanyakazi wako. Tatu ni ndege, wanapenda sana kutua juu ya maboya.

Halafu mwambie mkandarasi kwamba boti ndogo mara nyingi zinalivuka kwa sababu hazilioni. Pazia limelala usawa wa maji, rangi imefifia kwa jua, usiku ndo kabisa. Wekeni maboya ya njano yaliyosimama wima yenye alama ya X juu, ndo alama maalumu inayotambulika kwa mabaharia, na taa za njano zinazowaka na kuzima, halafu muwape njia ya kupita iliyo wazi pembeni, mtangaze kwa watu wanaotumia maji hayo wajue pazia liko wapi na litahamishwa lini. Mtu mwenye njia yake hana sababu ya kuvuka pazia. Na wakati uko kwenye hilo hakikisha pazia haligusi chini, acha kama sentimita 30 kutoka sakafuni maji yakiwa yamepwa, maana likigusa linazoa tope na kulirusha juu kila maji yanapojaa, na uzito wa tope linalolala kwenye kitambaa unazamisha maboya.

Fundi, tunaongeza wavu wa chini ya maji kuzuia wazamiaji wasiingie kwenye mdomo wa kuchotea maji ya mtambo. Tuushushe mpaka chini kabisa? – Mlinzi mkuu

Kabla ya kushusha fanya hesabu ya mwani. Wavu mpya maji yanapita, lakini baada ya muda mwani na vikonokono vinajibandika matundu yanaziba na wavu unakuwa ukuta. Wavu wa mita 100 kwenda chini mita 3 ukiziba kabisa ni mita za mraba 300, na kwenye mkondo wa noti 1 kanuni ile ya juu inakupa tani 30. Hamna nanga za hivyo, nakuhakikishia. Kwa hiyo wavu utengenezwe kwa vipande vinavyotolewa kimoja kimoja na kusafishwa, na muwe na kipande cha akiba cha kuweka pengo likiwa wazi.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Kasa anapumua hewa kama wewe. Akinasa kwenye wavu uliolegea chini ya maji anakufa kwa kukosa pumzi, hafi kwa jeraha. Wavu mgumu uliokazwa hauwezi kumzungushia mapezi kama ule laini uliolegea, kwa hiyo kaza, na uukague kila siku mwanzoni mpaka mjue nini kinaujia. Mzamiaji naye hazuiwi na wavu peke yake, ana kisu. Sona, kifaa cha kugundua mtu chini ya maji kwa sauti, na mtu wa kuisikiliza ndo vinavyoupa wavu maana.

Geti la kwenye uzio wa ulinzi, ufunguo akae nao nani? Kwetu kila idara inautaka. – Msomaji wa siku nyingi

Ukitokea ndani geti lisihitaji ufunguo kabisa. Liwe na ndoano inayofunguka kwa mkono mmoja, hata waya ukiwa umekazwa na mkondo, kwa sababu siku meli inaungua boti za kuokoa watu zitakuwa zinatoka wala haziingii. Ukitokea nje ufunguo akae nao mlinzi wa zamu na mwingine kwenye boti ya kazi ya mafuta, basi, idara nyingine zisubiri. Na wekeni ngazi za kamba upande wa ndani wa uzio, mtu aliyeanguka majini asije akafa ameshika wavu ambao hawezi kuupanda.

Halafu jaribuni. Chagueni usiku wa bamvua, mkondo ukiwa mkali kuliko siku zote, mtu mmoja ashike saa, boti ya kazi ianze kwenye maegesho yake ikiwa imezimwa, mhesabu tangu king'ora kinapolia mpaka mashine ya kukusanya mafuta inapokuwa imeshavuka geti. Muda huo uandikeni, ulinganisheni na muda mafuta yanavyochukua kutoka ubavuni mwa meli mpaka kwenye uzio kwa mkondo wa siku hiyo. Boti ikichelewa, sogezeni geti.